Mwanga Hauna Zizi

Garsen,
14 Juni 2025

Abdia,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima. Mama mzima, ila jicho la kushoto lina ukungu. La kulia bado linaona mpaka yasiyomhusu. Batula mke wangu anakusalimu, na watoto pia, ingawa yule mdogo huuliza shangazi Abdia ni nani. Ng'ombe wamerudi kutoka upande wa Chara wakiwa wamenona. Mimi sijambo, kama ungeuliza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei tangu matanga ya Baba. Nilisema siku ile kwamba umechagua vioo vyako vya maabara ukaacha kuja kumlilia mzazi, na sitalifuta neno hilo. Lakini karatasi huwezi kuikata kabla haijamaliza kusema. Na nimeandika kwa Kiswahili, si Kiorma, kwa sababu jibu lako litasomwa mbele ya kamati ya malisho, na katibu wetu, mwalimu Levi, ni Mpokomo, mtu wa mashamba. Tumia sanduku la posta la shule yake.

Sasa sikiliza. Kuna kampuni imekuja kutaka mahali pa kujenga kituo cha kompyuta. Si kompyuta hizi tunazozijua. Wanasema zao zinapiga hesabu kwa mwanga badala ya umeme, kwa hiyo kasi yake haina mwisho, hazipati moto na hazihitaji maji ya kupozea. Wameomba eneo la Malka Hara. Umekulia pale; unajua kwamba malka ile ndiyo njia pekee iliyobaki ya ng'ombe wetu kufika mtoni bila kukanyaga shamba la mtu. Wanasema kwa kuwa mashine hazinywi maji, kituo kitakuwa kidogo, na ng'ombe watapita pembeni.

Karatasi ya kitaalamu waliyokuja nayo ina majina manne. La tatu ni Abdia Wario. Lilisomwa mbele ya mkutano tarehe tatu mwezi huu, na mimi nikasimama.

Ninachotaka ni kidogo. Andika kwamba maneno yale ni kweli, tia saini, tuma. Kuna wazee wawili wanasumbua. Nataka jibu kabla ya Julai kwisha.

Ndugu yako mkubwa,
Guracha Wario
Mwenyekiti


Nijmegen, Uholanzi,
2 Agosti 2025

Kaka Guracha,

Waaleikum salaam. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Habari za jicho la Mama ninazo, kwa kuwa yeye naongea naye kila Ijumaa. Aliniambia pia kwamba umeahidi kumpeleka hospitali tangu Aprili. Msalimu Batula. Mtoto mdogo mwambie shangazi Abdia ndiye aliyemnunulia viatu anavyovaa.

Barua yako imetembea siku thelathini na moja. Nimeisoma mara moja, imenitosha.

Siwezi kuandika unachotaka. Siwezi kuandika kinyume chake pia. Nilitia saini ahadi ya siri na maabara hii nilipoanza masomo, na kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwenye masomo hayo. Bado mwaka mmoja nipate shahada. Wewe unaniomba niuweke mwaka huo juu ya meza ya kamati yako ili uwanyamazishe wazee wawili.

Nitakuambia tu kilichomo kwenye vitabu vya kila mtu. Hakuna kasi isiyo na mwisho. Aliyekuambia hivyo aidha hajui au anajua vizuri sana. Usiulize kama kioo kinachopitisha mwanga kinapata moto. Uliza mashine nzima, kuanzia namba inapoingia mpaka inapotoka, na uiulize kampuni swali hilo, kwa maandishi.

Kisha nijibu mawili. Kwanza, uliposimama kwenye mkutano, ulisema nini? Umeandika "nikasimama" ukaweka nukta, na wewe tangu utoto hujawahi kusimama mbele ya watu ukaketi bila kusema. Pili, mmetia saini au hamjatia? Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na huku limeshanifikia.

Abdia


Garsen,
9 Septemba 2025

Abdia,

Asalaam aleikum. Wote wazima. Mama nimempeleka Malindi, kwa hiyo tafuta lingine la kunisimangia. Daktari amempa dawa ya matone na kusema arudi. Jua limekuwa kali mapema, mto umeanza kushuka, na tunamwomba Mungu mvua ya vuli.

Barua yako imesomwa. Levi alipofika kwenye "siwezi kuandika unachotaka, siwezi kuandika kinyume chake" aliisoma mara mbili, watu wakacheka. Miaka saba unasoma haraka ya mwanga, na kusema ndiyo au hapana kumekushinda. Mbuzi wa Batula akiulizwa anajibu upesi kuliko wewe.

Umeuliza nilisema nini. Sawa. Unajua desturi yetu, au umeisahau pamoja na mengine. Kabla ng'ombe hawajahama hutumwa mtu wa kutazama malisho na maji, na akirudi haulizwi habari ndefu. Anaulizwa matatu. Umekunywa? Mnyama wako amekunywa? Umelala pale? Akijibu ndiyo mara tatu, kambi inavunjwa, watoto wanapakiwa, hakuna tena mjadala, kwa sababu hajawahi kuzaliwa mtu wa kwetu wa kujibu ndiyo kwa maji ambayo hakuyalalia. Mkutano ulipouliza nani ameziona mashine hizi, nilisema dada yangu. Wakaniuliza yale matatu kwa niaba yako. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Jina lako liko kwenye karatasi. Nani huweka jina lake mahali ambapo hakulala?

Kuhusu saini, hatujatia. Kamati inangoja neno lako. Basi usinigeuzie kesi. Ukinyamaza tena nitajua kwamba pale kwenye jina la tatu palikuwa na nafasi tu, wakakujaza wewe.

Guracha


Nijmegen,
20 Oktoba 2025

Kaka,

Waaleikum salaam. Mama anasema matone yanawasha. Mwulizeni daktari, msimwachie. Hapa baridi imeanza. Mimi nina kikohozi kisichoniacha, na silali vizuri kwa ajili yako.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaiogopa wiki mbili. Ulijibu ndiyo mara tatu kwa niaba yangu bila kunipigia hata simu ambayo ningekukatia. Unajua neno hilo lina uzito gani kwa watu wale. Mimi pia najua, ndiyo maana nimekasirika. Sasa nitakuambia yote, na wenye siri yao wanifanye watakavyo.

Mwanga ndani ya kioo chetu unapita katika muda mdogo kiasi kwamba nikikuandikia sufuri zake utadhani najaribu kalamu. Miale ikikutana, hesabu inafanyika yenyewe. Hilo ni kweli. Nimelipima kwa mikono yangu miezi kumi na minne.

Lakini namba haziishi kwenye mwanga. Mwanga hauna zizi. Huwezi kuuambia ungoje hapa mpaka kesho. Namba zinakaa kwenye mashine za umeme, zile zile za kawaida, zenye moto ule ule. Kila hesabu, namba itolewe kwenye umeme, igeuzwe kuwa mwanga, ipite kwenye kioo, na upande wa pili kuwe na jicho la kuupokea mwanga na kuugeuza umeme tena. Hiyo ni milango miwili. Fikiria ng'ombe mia tano wakikimbia tambarare, halafu wakute kilango cha kupita mmoja mmoja. Hata ukiwapa mbio za swala, foleni ni ile ile.

Na jicho lile ukiliharakisha, kila linapofumbuka linapata mwanga kidogo zaidi, na namba inakuwa ya kubahatisha. Ili lisikosee utaongeza mwanga, na kuongeza mwanga ni kuongeza umeme na moto. Tena mwanga na mwanga hupishana bila kugusana. Ukitaka mmoja uuzuie mwingine, uweke kitu katikati, na kitu hicho kinahitaji muda wa kushtuka na muda wa kutulia. Hakuna fundi aliyeweza kuuondoa muda huo wote.

Katika kila sehemu mia za muda tulioupima, mwanga ulitumia mbili. Tisini na nane ziliishia milangoni. Kituo cha ukubwa ule kitahitaji maji ya kupozea mwaka mzima, na zaidi wakati wa kiangazi, mto ukiwa chini na ng'ombe wakiuhitaji.

Mimi nilipima kioo. Milango ilipimwa na mwenzangu. Sentensi ya milango ilikuwemo kwenye rasimu, ikaondolewa, nikaulizwa kama nina pingamizi, nikasema sina. Jina kwenye karatasi kama ile halina maana kwamba mtu alilala penye maji. Maana yake ni kwamba alibeba kipande chake. Wewe hukulijua hilo. Mimi nililijua.

Na nilijua tangu Juni. Batula alinitumia sauti ya mkutano, iliyokatika kabla wewe hujasimama. Nilisikia jina langu likisomwa, na wanaume ambao hawajawahi kuniruhusu kuketi penye mkutano wao wakisema maashallah. Niliisikiliza sauti ile siku nyingi. Sikutaka kuwaambia mmekosea. Ilikuwa tamu. Ndiyo hiyo, nimesema.

Msitie saini. Bahasha nimeiandika "Kwa Kamati", kwa kuwa wewe sikuamini kuisoma yote mbele ya watu.

Abdia


Garsen,
3 Desemba 2025

Abdia,

Salamu utazipata kwa Mama siku ya Ijumaa.

Barua yako ilifika tarehe kumi Novemba. Ua wa waya wa kampuni ulikuwa umeshasimama Malka Hara siku nne. Levi aliifungua posta, kwa kuwa si yangu, ni ya kamati, asante sana. Aliisoma yote, polepole, kama anayewapa watoto imla, mpaka pale pa "sikuamini". Nilikuwa nimeketi mbele.

Mvua ya vuli haikuja. Pale pembeni walipotuahidi wamepajaza mabomba mazito ya kuvuta maji, ya mashine ambazo hazinywi. Ng'ombe wanazunguka mwendo wa saa tano kufika mtoni. Yule mweupe mwenye pembe moja, aliyebaki katika wale wa Baba, ameanguka njiani na hakuinuka. Baadhi ya wachungaji wamechoka kuzunguka wakapitisha mifugo mashambani, na shamba la kwanza kukanyagwa ni la Levi. Watu wa pande zote mbili walitoka. Safari hii walikuwa na fimbo tu, mtu mmoja amevunjika mkono. Unaikumbuka safari ile walipokuwa na zaidi ya fimbo. Ulikuwa hapa, hukuhitaji kuhadithiwa.

Ungesema Agosti, kungekuwa na njia. Ulikuwa na neno lote tumboni, ukaniletea mafumbo ya "uliza mashine nzima". Umetafuna maashallah za wanaume miezi mitano, sisi tunazilipa kwa ng'ombe. Wazee sasa wakinipita hunisalimia kwa kunyanyua fimbo tu. Wanasema mimi ndiye niliyejibu ndiyo. Mimi nasema ni wewe uliyelala penye maji ukanyamaza.

Usiniandikie tena kuhusu vilango na swala. Ng'ombe nawajua.

Guracha


Nijmegen,
11 Januari 2026

Guracha,

Asalaam aleikum, kwa kuwa ni sunna. Pole kwa ng'ombe wa Baba. Nililia, na sitaki ujibu lolote kuhusu hilo.

Nitaanza na yangu. Nimeandika masahihisho ya ile karatasi kwa jina langu, wazi, na sentensi ya milango ndani yake. Msimamizi wangu amenifungia maabara. Kibali kinakwisha Juni. Kampuni imejibu kwa mistari mitatu kwamba ina mchoro mpya ulio bora, na kwamba karatasi yetu ilikuwa mfano tu. Kwa hiyo ukweli wangu umenigharimu kila kitu na haujang'oa hata nguzo moja ya ua wao. Nilistahili kuulipia. Nilichelewa kweli, hapo hujanisingizia.

Sasa yako. Batula amenipigia simu. Usimguse, usimkaripie, ameona ng'ombe wakifa akachoka kutunza aibu ya mume. Ulitia saini tarehe 21 Mei. Wiki mbili kabla ya mkutano. Wiki tatu na zaidi kabla ya barua yako ya kwanza kwangu. Kisha ukabandika tarehe ya Juni juu yake. Ningekujibu siku ile ile kwa simu, ningekuta umeshamaliza. Hukuwa unanituma kutazama maji. Ulikuwa umeshahamisha kambi, ukanitafuta mimi wa kusingizia kisima kikiwa kikavu. Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia kwenye waya.

Sijui walikupa nini. Batula hajui, au hasemi.

Ninachojua ni hiki. Wakubwa wa ardhi watakaa Hola tarehe 12 Februari kusikiliza malalamiko ya malka. Kampuni itasema mkutano uliamua kwanza, ndipo mwenyekiti akatia saini, kama sheria inavyotaka. Hakuna karatasi inayoonyesha vingine. Fizikia yangu haitoshi; watasema mchoro mpya. Kinachoweza kuufungua ua ule ni tarehe moja, na iko kinywani mwako. Ukiisema, mkataba hauna miguu. Ukiinyamazia, mwaka huu fimbo zitageuka kitu kingine.

Mimi nimekwisha kusema yangu nikiwa peke yangu chumbani, ugenini. Wewe utaisema mbele ya watu wako. Ni ngumu zaidi, najua. Sikuhurumii.

Abdia


Garsen,
2 Machi 2026

Abdia,

Asalaam aleikum. Mama amefanyiwa jicho, anaona. Batula mzima, sikumgusa, na usiwahi kuniandikia tena maneno kama yale kana kwamba humjui ndugu yako. Mvua bado.

Nilikwenda Hola. Waliniuliza mara moja tu na sikuhitaji mara ya pili. Nilisema 21 Mei. Nikasema tarehe ya Juni niliiandika mimi, kwa kalamu yangu. Nyuma yangu kulikuwa na watu wetu na watu wa Levi, wamechanganyika kwenye viti, na hakuna aliyeguna. Ningependa wangeguna.

Uliuliza walinipa nini. Waliniahidi kwamba juu ya geti la kituo litaandikwa jina la Baba. Walinionyesha picha, herufi kubwa, WARIO. Baba alichunga maisha yake yote na hakuwahi kuandika jina lake hata kwenye mchanga. Na lako lilikuwa limeshaandikwa Ulaya. Nikaona na mimi nimpe mzee kitu, mimi niliyembeba kwenda kaburini wewe ukiwa huko. Hiyo ndiyo bei. Cheka ukitaka.

Mkataba umefutwa. Ua uliondolewa Jumatatu iliyopita, mabomba yamebaki yamelala kwenye majani. Mifugo yote inapita malka tena, na mahindi ya Levi yamesalia yalivyosalia.

Uenyekiti wamenivua. Hilo nililitarajia. Lakini wazee walikaa tena wakasema ukoo uliojibu ndiyo mara tatu kwa maji ambayo haukuyalalia, ng'ombe wake watakunywa mwisho. Hawakusema Guracha. Walisema nyumba ya Wario, na waliitaja kwa sababu yako na yangu, sawa kwa sawa. Hawakuweka siku ya kumaliza.

Kwa hiyo tunangoja. Ng'ombe wetu wanasimama juani, wanasikia harufu ya maji, wanalia, na nawazuia kwa fimbo mpaka wa mwisho wa watu wengine apande juu. Tukishuka sisi, ukingo umeshakorogwa na wanakunywa tope. Sitakuambia kwamba nimekusamehe. Shahada yako naisikitikia, lakini bado si kama ninavyomsikitikia yule mweupe wa pembe moja.

Jicho la Mama sasa linaona mbali. Jana aliketi mlangoni akaniuliza kwa nini ng'ombe wa Wario wanarudi wakati watu wote wameshakama. Nilimwambia zamu zimebadilishwa kwa sababu ya kiangazi. Ijumaa ukimpigia atakuuliza na wewe. Mwambie hivyo hivyo, neno kwa neno. Angalau kwa hili maneno yetu yalingane.

Guracha